Kutoka Kachibora hadi Kisiwani: Mahindi, Mwezi na Maji ya Bahari

Mahindi yakishaanikwa kwenye maturubai kando ya barabara ya Kachibora kuelekea Kitale, maongezi ya jioni katika nyumba nyingi hugeuka. Kuna karo ya Januari, kuna mbolea ya msimu ujao, kuna paa la jikoni linalovuja. Na siku hizi kuna ombi jingine ambalo watoto hawachoki kulirudia: kwenda kuiona bahari. Si wao tu. Kuna chama cha akina mama kilichoweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo hiyo, na kuna kijana aliyepata kazi Nairobi anayetamani wazazi wake wakanyage mchanga wa pwani wakiwa bado na nguvu za miguu.

Ni safari nzuri, na haiwashindi watu wa kawaida. Lakini nyingi huharibika mapema, kwenye simu, mtu anapoona picha ya hoteli yenye bwawa la samawati akaipenda, akalipa, kisha ndipo akaanza kutafuta tarehe. Mpangilio huo umepinduliwa kichwa chini. Kwa familia ya Trans Nzoia au Bungoma, tarehe ndiyo hutangulia, kisha kisiwa, na hoteli huja mwisho. Tarehe yenyewe haitoki kwenye kalenda ya ukutani peke yake. Inatafutwa pale ambapo shamba, shule na bahari vinakubaliana.

Shamba kwanza. Katika nyanda za Cherangany mahindi hupandwa mvua zinapoanza, mwishoni mwa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayeyaacha magunia yenye unyevu akaenda kuota jua Diani. Nafaka isiyokauka hadi asilimia 13.5 haipokelewi kwenye maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na ikikaa vibaya huota ukungu wenye sumu. Hivyo fedha za mavuno hufika mkononi Desemba ikiisha au Januari, wakati uleule ambao hoteli za Pwani hupandisha bei kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, chumba huuzwa kwa bei ya juu kabisa, mabasi hupandisha nauli, na tiketi za treni huisha mapema. Anayesafiri siku hizo hulipia msongamano.

Likizo ya Aprili nayo haifai upande wowote. Huku ni kupanda, kule ni masika. Mvua ya Aprili na Mei pwani si manyunyu, na hoteli nyingine hufunga milango kwa ukarabati.

Agosti ndiyo nafasi ambayo wazazi wengi wa Kachibora hawaifikirii. Shule hufungwa kwa wiki tatu hivi, palizi imekwisha, mbolea ya kukuzia iliwekwa zamani, mahindi yanajijaza yenyewe shambani. Huko baharini wakati huo huvuma upepo wa kusi. Hewa si ya joto kali, na mtu aliyezoea baridi ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hulala usingizi bila kuhema. Bahari ya nje ya miamba huchafuka, lakini ndani ya miamba, mahali wanapoogelea watu, kwa kawaida panafaa. Bei huwa juu kidogo ya ile ya Mei na Juni, ila haiikaribii ya Krismasi.

Aliye Bungoma ana nafasi nyingine. Sehemu za chini za kaunti hiyo huvuna mapema, Agosti na Septemba, kwa hiyo Novemba na nusu ya kwanza ya Desemba humkuta hana kazi kubwa shambani. Vuli huweza kunyesha, lakini ni mvua ya kupita, na vyumba ni vingi.

Wasio na mtoto shuleni, yaani wastaafu, wanandoa vijana na vyama vya akina mama, wana bahati kuliko wote. Kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Machi mahindi yameuzwa, mvua bado, na pepo za kaskazi zimeituliza bahari mpaka maji yanaonekana kama kioo. Joto ni kali, hilo lazima lisemwe. Jambo la kuangalia ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Kwa aliye kwenye hoteli kubwa hakuna kitakachobadilika sana, ila anayekusudia kula mjini Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ajue kwamba mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa njiani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu. Usiku wa Ramadhani, kwa upande mwingine, ni wa vyakula na watu barabarani, na wapo wasafiri wanaoufuata kwa makusudi.

Sasa kisiwa. Watu wa bara hutaja "Mombasa" wakimaanisha Pwani nzima, na Mombasa yenyewe ni kisiwa, lakini fukwe zake zinazosifika ziko nje, Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, Diani upande wa kusini. Anayetaka kisiwa cha kweli, kile cha kuamka ukaona maji pande zote, ana vinne vya kuchagua bila kwenda mbali, na kila kimoja kinamfaa mtu tofauti.

Chale ni kidogo na kiko karibu kilomita 10 kusini mwa Diani. Kuna hoteli moja, The Sands, na sehemu kubwa iliyobaki ni msitu, pamoja na kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo inayoheshimiwa hadi leo. Maji yakijaa mgeni huvushwa kwa mashua. Yakipwa huvushwa kwa trekta, jambo ambalo mtoto wa Kachibora, aliyeona trekta likilima tu, hatalisahau. Hapo hakuna kibanda, hakuna duka la jirani wala mama ntilie, kwa hiyo mtu alipie chakula chote pamoja na chumba. Ni mahali pa wanandoa wanaosherehekea ndoa, na kwa mfuko wa kawaida, siku mbili au tatu zinatosha.

Wasini ni kisiwa cha wavuvi mbele ya Shimoni, karibu kilomita 80 kusini mwa Mombasa. Hakina gari hata moja. Wageni wengi hupitia kwa siku moja, kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti kuwaangalia pomboo na matumbawe, kisha kula kaa na samaki kijijini. Ni afadhali kulala usiku mmoja. Kundi la wanawake wa kijiji limejenga njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe makavu, na kiingilio chake hubaki kijijini. Pale Shimoni kuna mapango yanayohusishwa na biashara ya watumwa. Mwanafunzi aliyesoma habari hizo darasani ataelewa zaidi kwa dakika kumi za giza kuliko kwa muhula mzima wa vitabu. Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen, na Mkenya akionyesha kitambulisho hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Mambo mawili ya kuzingatia: Mei na Juni bahari huwa mbaya na safari nyingi za mashua husimama, na maji matamu ni haba kisiwani, watu hukinga ya mvua. Aliyekulia karibu na mito ya Cherangany hana budi kujifunza kuoga kwa ndoo nusu.

Lamu ni nyingine kabisa. Mji wake wa kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na bado watu wanaishi humo kama ilivyokuwa, punda wakibeba saruji katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Mtu akitaka kulala juani kutwa, asikae mjini; ufuo uko Shela, mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu au muda mfupi kwa mashua, na mchanga wake unaenda kilomita nyingi bila nyumba. Mavazi yawe ya staha mjini. Leso moja begani humwondolea mama mgeni macho ya watu. Njia ya barabara ndiyo inayohitaji uangalifu: sehemu ya kati ya Garsen, Witu na Mokowe imewahi kushambuliwa mara kadhaa, na ni vyema kuipita mchana tu, kwa basi la kampuni inayofuata utaratibu wa polisi, baada ya kuuliza hali ya wiki hiyo. Familia yenye uwezo iruke hadi uwanja wa Manda. Asiye na uwezo huo na mwenye watoto wadogo aiweke Lamu kwa safari ya pili, aanze na Wasini. Huo ndio ushauri wa kweli, ingawa Lamu ni nzuri kuliko vyote.

Unguja huvutia kwa jina. Kwa Mkenya si safari ya kitambulisho kama kwenda Uganda: pasipoti inahitajika, na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano pia. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo anayechanjwa Kitale leo hatahitaji tena hata akienda na wajukuu. Mwenye kuchanjwa siku tatu kabla ya safari amechelewa. Wapo wanaopitia Lunga Lunga kwa basi hadi Dar es Salaam kisha boti. Kwa familia yenye siku sita tu, nusu ya likizo itaishia barabarani.

Fedha. Hapa ndipo maneno ya hoteli yanapomchanganya mtu. Bei ya "kitanda na kifungua kinywa" ni wazi. "Hafubodi" ni kifungua kinywa na mlo mmoja, aghalabu wa jioni. "Fulubodi" ni milo mitatu, bila vinywaji. Kile kinachoitwa "kila kitu ndani" huongeza vinywaji, na mara nyingi kwa saa maalumu na kwa aina chache tu. Familia isiyokunywa pombe hulipia vya wengine ikichukua mpango huo. Mtu aulize maswali manne kabla ya kutuma hata shilingi: bei ni ya chumba au ya mtu? Mtoto wa miaka minane analipiwa nini? Usafiri wa kutoka stesheni umo? Na je, hii ni bei ya raia? Hoteli nyingi za Pwani zina bei mbili, ya wakazi kwa shilingi na ya wageni kwa dola, na anayeuliza kwa Kiingereza kizito bila kutaja kwamba ni Mkenya anaweza kutajiwa ile ya pili.

Mahali ambapo mji uko karibu, kama Lamu, kulipia milo yote hotelini ni kujinyima. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, samaki wa kupaka siku moja ya kujifurahisha, dafu lililokatwa mbele ya macho: hivyo ndivyo vyakula vya Pwani, na bei yake hulipika. Anayetamani ugali ataupata, ila asitarajie mboga za kienyeji za jikoni kwake.

Utapeli upo, na njia yake ni ile ile: nyumba ya picha nzuri, bei ya kushangaza, mwenyeji mwenye haraka, namba ya simu ya mtu binafsi. Fedha zitumwe kwa namba ya biashara inayoonyesha jina la hoteli, si kwa "meneja". Atakayetumia wakala wa safari na athibitishe kwamba ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na akishalipa, apige simu hotelini mwenyewe kuuliza kama jina lake liko kitabuni. Vyama vya akina mama vinavyolipa kidogo kidogo kwa wakala vina sababu zaidi ya kufanya hivyo. Salama kuliko yote ni akiba kukaa kwenye SACCO au akaunti ya chama mpaka mwezi wa safari, hoteli ipewe amana tu.

Safari yenyewe ina mtego wake. Kuna mabasi yanayotoka Kitale na Bungoma moja kwa moja hadi Mombasa, na bei yake ni nafuu, lakini ni usiku na mchana juu ya kiti kimoja. Wengi sasa hukata safari Nairobi na kupanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, ya daraja la kwanza 4,500, na mtoto wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo hutumia 4,500 kwenda na 4,500 kurudi kwa daraja la kawaida. Kwa daraja la kwanza ni 27,000 kwenda na kurudi. Tofauti hiyo ya 18,000 ni afadhali iliwe kwa pweza.

Mtego ni huu: basi la usiku kutoka Kitale huingia Nairobi alfajiri, na mtu hujiambia atawahi treni ya saa mbili asubuhi. Stesheni haiko mjini, iko Syokimau, ukaguzi wa mizigo ni mrefu, foleni ya Barabara ya Mombasa haina huruma, na treni haimngoji mtu. Basi likipata pancha Burnt Forest, tiketi imekwenda. Ni heri kukata ya saa tisa alasiri, kupumzika kwa ndugu Nairobi, na kufika Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, usiku huku gari la kupokelewa limeshapangwa. Anayeelekea Diani, Chale au Shimoni amwambie dereva apitie barabara ya Dongo Kundu, ambayo humtoa Miritini hadi kusini bila kukanyaga feri ya Likoni. Tiketi ya kurudi inunuliwe siku moja na ya kwenda. Familia nyingi zimekwama Mombasa mwishoni mwa likizo kwa sababu ya tiketi ya kurudi tu.

Hata hoteli ya kifahari haisaidii kama mgeni hajui maji. Bahari ya Hindi hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na tofauti ya juu na chini kwenye pwani ya Kenya hukaribia mita nne. Nusu ya mwezi ni maji mafu, hayaendi mbali. Kuna kanuni moja ambayo mvuvi yeyote wa Mombasa anaijua na ambayo mgeni wa bara angefaa kuiandika kwenye kiganja: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alasiri na hupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo anayeamka siku ya mwezi mpevu, akanywa chai na kushuka ufuoni saa nne, atakuta bahari imehamia kwenye mwamba mbali huko, na ameachiwa majani, mawe na viumbe wenye miiba mikali. Hapo hudhani amedanganywa na picha. Hajadanganywa, arudi saa tisa. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kuogelea ni asubuhi, na jioni ni ya kutembea. Mkulima aliyezoea kuutazama mwezi hatatatizika: afungue kalenda, aone mwezi unapevuka lini, apange viatu vya mpira vya kutembelea mwambani saa za maji kupwa na kuogelea saa za maji kujaa.

Watu wa nyanda za juu wengi hawajui kuogelea, na hakuna aibu hapo. Hatari ni kujifanya. Kina kisizidi kiuno, mtoto asiachwe hata kwa muda wa kupokea simu, na yale matyubu ya kukodi ufuoni yasiaminiwe: upepo wa kutoka bara na maji yanayopwa huyasukuma nje kimya kimya, na aliyekaa juu yake hushtuka akiwa amekwisha kuwa mbali. Kwenye mashua ya Kisite au ya Lamu kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata babu. Nahodha asiye nayo ya kutosha akataliwe hapo hapo gatini. Kwa wenye muda, wiki chache za mafunzo katika bwawa la hoteli mojawapo ya Kitale kabla ya safari zitawapa watoto furaha maradufu.

Kuna jambo la afya ambalo hutenganisha hata majirani. Bungoma iko katika ukanda wenye malaria nyingi, na mtu mzima aliyekulia huko amejenga kinga kiasi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa juu ya Kachibora, kwenye baridi, hana kinga hiyo, na Pwani kuna malaria. Mzazi aonane na daktari wiki mbili hivi kabla ya kuondoka kuulizia dawa ya kuzuia, hasa kwa wadogo na kwa mama mjamzito, na chumba bila chandarua kizima kisipokewe. Homa haiji siku ya kwanza. Vimelea huchukua kuanzia wiki moja hadi mwezi au zaidi kabla ya kujitokeza, wakati familia imekwisha kurudi, watoto wako darasani na baba yuko ghalani. Mtoto akipata homa wakati huo, sentensi ya kwanza zahanatini iwe kwamba alikuwa Pwani, na tarehe.

Na ng'ombe? Swali hili huuawa kwa "tutaona", kisha siku ya tatu ufukweni baba anashinda kwenye simu akiulizia lita za maziwa. Mtu wa kukamua apatikane wiki mbili mapema, akamue mbele ya mwenyewe, alipwe nusu kabla na nusu baada ya safari, na ghala liwe na kufuli jipya ambalo ufunguo wake uko kwa shangazi.